Kiboko Aliyepima Ufa kwa Tumbo

Nikisema "Ngano yaja," nanyi semeni "Na ije, tumeipisha njia."

Ngano yaja.

Na ije, tumeipisha njia.

Imekuja na Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, na imekuja na Kiboko, mwenye tumbo na madaraka.

Mwaka huo bonde lilikauka. Mama Ndovu, jumbe wa bonde, akaamuru uchimbwe mfereji kutoka chemchemi ya juu hadi nyumba za chini. Msimamizi akawa Kiboko. Wenzake wanachimba, ku ku ku, Kiboko yuko kivulini. Wenzake wanabeba udongo, Kiboko anakula maboga ya wachimbaji, nyamu nyamu nyamu. Jioni anakwenda kwa jumbe na kusema, "Leo nimechimba sana."

Pimbi alikuwa mchimbaji. Kila asubuhi aliwapitia wenzake mmoja mmoja.

"Nungunungu, umeamkaje? Mgongo bado unauma?"

"Muhanga, watoto hawajambo?"

Kiboko alimcheka. "Mfereji hauchimbwi kwa salamu."

Wakachimba, wakachimba, wakafika kwenye jabali. Kiboko akasema mfereji uzunguke, upite kwanza kwenye bwawa lake. Wote walijua maji yakiingia bwawani kwa Kiboko hayatoki tena. Na katika nyumba ya chini kabisa aliishi Digidigi na kitoto chake cha siku tisa, na maziwa yalikuwa yamempungua kwa kiu.

Pimbi akamwendea msimamizi. "Bwana Kiboko, jabali lina ufa. Mimi hulala humo. Maji yatapita, yashuke moja kwa moja."

"Sikusikii," Kiboko akasema. "Una sauti ya mbu. Kesho jumbe anakuja kukagua. Nitasema mimi."

Pimbi akaenda kwa Digidigi, akakaa kando ya kitoto, akalia kidogo. Digidigi akamwacha alie, kisha akasema, "Dada, niambie mimi kama ungemwambia jumbe."

Pimbi akasema.

"Umesema mbio, kama unafukuzwa. Rudia."

Akarudia.

"Sasa unaiambia ardhi. Nitazame mimi."

Akarudia mara ya tatu, na kitoto kikalala.

"Hapo sasa," Digidigi akasema. "Ukisema polepole, sauti ndogo inatosha."

Kisha wakanong'onezana, wakapanga lao.

Kesho yake Mama Ndovu akaja. Kiboko akasimama, akasema, akasema, akasema. "Mimi nimepima. Mimi nimefikiri. Ule ufa haupitiki hata na upepo. Njia ni bwawani kwangu tu."

"Nani mwingine ana neno?" Mama Ndovu akauliza.

Pimbi akasogea mbele. "Mama, sisi wadogo hatujui kupima. Tunamwomba Bwana Kiboko atuonyeshe alivyoupima huo ufa, tujifunze."

Kiboko akafurahi. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akaingiza tumbo. Kwa!

"Mnaona?" akasema kutoka ndani. "Haupitiki."

Akataka kurudi nyuma, hakuweza. Akasema mengine mengi, lakini yote yalitokea upande wa pili. Huku ilisikika vu vu vu tu.

Pimbi akapanda juu ya jiwe. Nungunungu akalaza miiba yake isilie. Muhanga akaweka chini pauro yake. Wote wakatulia, maana aliyesimama pale ni yule anayewauliza habari za watoto wao. Mama Ndovu akashusha sikio lake kubwa hadi kwenye jiwe.

Pimbi akamtazama, akasema polepole, "Mama, ufa umemshinda Kiboko. Haujayashinda maji. Maji hayana tumbo."

Akachota maji kwa kata, akayamimina ubavuni mwa Kiboko. Tiri tiri tiri. Wakangoja. Wakangoja tena. Halafu kutoka chini bondeni ikaja sauti ya Digidigi.

"Yamefika. Mtoto anayalamba."

Mama Ndovu akainua sikio lake. "Leteni mfereji hapa kwenye ufa," akasema.

"Tumtoe Bwana Kiboko kwanza," Pimbi akasema. "Asije akaumia."

Wakammwagia maji, wakamvuta miguu. Fyuuu, pwa! Kiboko akakaa matopeni, ametazama pembeni. Pimbi akamfuta uso kwa jani la mgomba.

"Pole, bwana. Unaumwa wapi?"

Kiboko hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote pale kazini. Akafikiri. "Mbavu," akasema. "Na koo. Nimesema sana."

"Basi pumzika," Pimbi akasema. "Leo tuyaache maji yaseme."

Na maji yakasema, tiri tiri, hadi nyumba ya chini kabisa.

Fundisho lake, wanangu, ni hili. Kazini msisalimiane, mnapoteza muda. Msijizoeze kusema, anayejua hajizoezi. Na mkubwa akitaka kuwasemea, mwacheni aseme. Yeye ana tumbo, nyinyi mna nini?

Ngano imepita. Aliyeielewa vibaya na alale, aliyeielewa vizuri akamsalimu jirani.