Bampa Aliyoililia Gidamis

Si zamani sana, huko Karatu, palikuwa na dereva aitwaye Gidamis, aliyekiri mwenyewe kwamba usukani aliujua kwa sura tu. Gari lake lilinasa hata kwenye dimbwi la bata, na tajiri Akonaay alimpita kila mara akimrushia tope na kicheko.

Siku moja walikutana gereji, wote wawili wakitafuta bampa ya nyuma. Zilikuwapo mbili: moja nyepesi ya kung'aa, nyingine ya chuma kizito yenye ndoano za kuvutia magari.

"Nachagua kwanza," alisema Akonaay.

"Ya chuma niachie, bosi," Gidamis alimlilia. "Mwenye ndoano hizi ndiye atakayewavuta waliokwama, na barabara nzima itamwita mfalme."

"Mfalme ni mimi!" Akonaay akatangaza mbele ya mafundi. "Yeyote atakayekwama aniite!"

Akafungiwa ya chuma papo hapo.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Gidamis alizama topeni na abiria wake, akampigia Akonaay simu. Tajiri hakuweza kuyakana maneno aliyoyatangaza mbele ya mafundi. Alikuja, akapiga magoti kwenye tope kufunga mnyororo.

"Kumbe hukuitaka bampa hii!" alifoka.

"Niliitaka sana, bosi," alijibu Gidamis, akijipangusa tope puani. "Ila kwa dereva kama mimi, inafaa ikae mbele yangu."