Jirani wa Kumi

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta yenye vichakataji kumi na sita, nayo ilifanya kazi kama vibarua kumi na sita wanaopiga hesabu kwa wakati mmoja. Watu wa bondeni wakamwomba awapimie: mvua kubwa ikinyesha, maji yatafika wapi? Mvua yenyewe ilikuwa imebakiza siku nne.

Mtu huyo, Injinia Lwitiko, akaikata ramani ya bonde vipande kumi na sita, kila kichakataji na chake. Programu iliandikwa na msaidizi wake, binti aliyeitwa Tusekile. Naye aliipanga hivi: katika kila hatua, kila kichakataji kisimame kwanza, kimpe jirani habari za maji yaliyofika mpakani, ndipo vyote viendelee. Kazi ya siku mbili.

Injinia akaona kwenye kioo cha kompyuta jinsi vinavyosubiriana, akachukia. Uzembe huo, alisema. Akaifuta sehemu yote ya kupeana habari, na kazi ikaisha kabla chai yake ya saa nne haijapoa. Ramani ikatoka, nyumba zote ziko kwenye kijani cha usalama. Kikao cha watu wa bondeni kikampigia makofi.

Tusekile hakupiga. Yeye alikuwa anatazama mstari mmoja tu wa mpaka kwenye ramani. Kipande cha tisa kimejaa maji hadi ukingoni. Cha kumi, kilicho chini yake, kikavu kama kiwanja cha mpira. Na humo katika cha kumi ndimo kilimokuwa kijiji cha Itope, kaya sabini. Hasira ilimpanda, akaimeza, akauliza maji ya cha tisa yamekwenda wapi.

“Kamuulize wa kumi,” Injinia akatania, na watu wakacheka.

“Wa kumi hakuambiwa, Injinia.”

Kicheko kikakatika. Tusekile akarudisha kule kusubiriana, na kwa siku mbili watu walinung'unika. Siku ya tatu ramani ikatoka nyekundu juu ya Itope. Watu wa Itope wakahama na magodoro, na kuku, na milango waliyoing'oa. Siku ya nne maji yakaingia kwenye nyumba tupu.

Vile vichakataji havikukosea hesabu hata mara ile ya kwanza. Basi ninyi mnaosifiwa kwa kumaliza mapema, kila mmoja ofisini kwake na mlango kaufunga: jirani yenu wa kumi ni nani, na mmemwambia nini?