Zamu ya Namkunda

Sogeeni. Wenye vyeti mkae mbele kabisa, maana fumbo hili halikuwahi kuletwa kwenye mitihani yenu, na atakayebabaika atachekwa.

Huko milimani Upare palikuwa na marafiki watatu walioshibana. Namkunda alikuwa na pua: akinusa jiwe anakwambia kama chini yake kuna maji. Kiondo alikuwa na mikono: mwamba akiukunjia uso tu, unapasuka. Senzia alikuwa na mdomo, na mdomo ule, jamani, ungemwuzia chura mwavuli.

Namkunda akainusa chemchemi. Kiondo akaupasua mwamba, mfereji ukapita. Senzia akakishawishi kijiji kichimbe bwawa na kugawana maji kwa zamu. Mwondoe mmoja wao, hupati hata tone.

Sasa, kulikuwa na matajiri waliohamia mjini, zamu wameshikilia, mashamba yao nyasi tupu. Ili kuwabana hao, watatu hawa wakakaa uani kwa Namkunda wakatunga sheria, na Senzia akaitangaza mbele ya kijiji kizima: Asiyefika kwenye lango la mfereji siku ya zamu yake, zamu imemtoka, ni ya aliyefika.

Ikaja siku ya zamu ya Namkunda. Asubuhi akiwa njiani akaona ukingo wa bwawa umepata ufa. Akajitosa, akauziba kwa mgongo wake huku mikono ikikandika matope, mpaka jua likazama. Bwawa likapona. Aliposhuka langoni akakuta maji yanaelekea shambani kwa Senzia.

Alidhani ni utani. "Kaka Senzia, huyaoni matope haya? Nilikuwa nayaokoa maji haya haya."

"Nimeyaona, dada. Ila langoni sikukuona."

Maharage ya Namkunda ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Bila zamu ile, wanawe wangelala njaa. Hata hivyo hakulia. Kiondo si yupo? Kiondo alikuwepo uani siku ile, naye angesema sheria ilimlenga nani. Shauri lilipofika baraza la kijiji, akamwita ashuhudie, kwa tabasamu kabisa.

Senzia alisema maneno ni yale yale, hayajaota mkia. Namkunda akasema maneno hayo yalitungwa kuwabana matajiri wa mjini, hayakutungwa kumwadhibu anayeokoa maji ya watu. Macho yote yakamgeukia Kiondo.

Kiondo akaangalia vidole vyake. "Ni kweli, tuliwalenga matajiri," akasema. "Lakini hayo tuliyasema uani kwako, dada. Kijiji kilisikia maneno tu, na kwa maneno hayo kikapanda. Mwaka jana Nakiete alikuwa anamzika mumewe siku ya zamu yake. Alikuja kulia kwetu, na wewe ndiye uliyemjibu kwamba sheria ni sheria. Siku ile hukuuliza tulimlenga nani."

Mgongo wa Namkunda, uliostahimili bwawa zima, ndipo ukaanza kuuma. Senzia alikuwa amemnyang'anya maji. Kiondo alimnyang'anya rafiki. Nakiete naye alikuwa amekaa pale pale barazani, anamtazama.

Baraza likagawanyika vipande, kila kipande na kelele zake.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa kama jaji mkuu, lango liko mkononi mwako. Maji utayafungulia shamba la nani? Na ukimfungulia Namkunda, Nakiete utamwambia nini?