Kisima cha Mama Nungunungu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Sauti gani hiyo, uji haujashuka? Paukwa!"

"PAKAWA!"

Hapo zamani za kale, kiangazi kilikuwa kikali hata mate yakawa ya kukopeshana. Mama Nungunungu akachimba kisima kwa kucha zake. Akachimba, akachimba, kucha zikaisha. Maji yalipotoka aliwaita wanyama wote, akasema mbele ya Kadhi Kobe, "Kisima hiki ni wakfu." Baada ya siku chache akafa.

"Wakfu ndiyo nini, Mjomba?"

Tulia, Saumu. Hata Sindano hakujua. Sindano ndiye mwanawe wa pekee. Alilia, akalia, na alipofuta machozi akakitazama kisima. Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa mwenye chochote. Moyo ukamwambia, sasa na wewe una chako.

Akaja Fisi na malenge kumi. "Bwana mdogo, niuzie kisima."

Sindano akameza mate, akaenda kwa Kadhi. Kobe akatoa shingo polepoleee.

"Toa basi!"

Ndiyo hiyo inatoka! Akasema, "Neno wakfu limetoka kwa Waarabu. Kwao ni kusimamisha. Mama yako amekisimamisha kisima kwa ajili ya Mungu. Hakiuzwi."

Fisi akarudi na malenge yake.

Akaja tarishi wa Simba. "Mpe mfalme kisima, naye atakupa uwaziri."

Sindano akainama kisimani, akajiona majini. Akajivika kilemba kwa mawazo, kikampendeza. Akarudi kwa Kadhi. Shingo ikatoka polepoleee. "Hakitolewi zawadi. Na usidhani ni maneno ya msikitini tu. Hata hapa barazani kwangu ndiyo sheria."

"Basi nimekirithi!" Sindano akafoka. "Mama yangu ndiye aliyekichimba!"

"Hakirithiwi, mwanangu."

Sindano akatoka mbio. Akang'oa mwiba wake mmoja, akauchomeka kando ya kisima. Akang'oa mwingine. Semeni nami: ng'oa!

"Chomeka!"

Ng'oa!

"Chomeka!"

Uzio ukazunguka kisima. Sindano akabaki ngozi tupu, kama kuku wa sikukuu.

Swala akaja na mwanawe, ulimi nje. "Sindano, baba, mtoto ana kiu."

"Mkachimbe chenu!"

Swala hakuondoka. Hakuwa na pa kwenda. Ndipo Fisi akatokea, safari hii bila malenge.

"Hodi, mwenye kisima."

"Hapa haliwi mtu!" Sindano akapiga kelele. Na kweli, tangu siku ile ya wakfu, hakuna mnyama aliyemgusa mwenzake pale.

"Penye wakfu, haliwi mtu," Fisi akasema. "Uzio huu wa nani?"

"Wangu."

"Basi hapa si penye wakfu tena. Niko nyumbani kwako, nami sijala tangu jana."

Sindano akarudi nyuma. Uzio ukamchoma. Miiba yake mwenyewe, watoto!

"Si changu! Kisima si changu!"

"Umesema mbele ya nani? Kadhi yuko wapi?"

Wote wakageuka. Kadhi alikuwa kule bondeni, anakuja. Polepoleee.

Fisi akafungua mdomo.

"Mashahidi tupo," Swala akasema. "Sindano, sema kama alivyosema mama yako. Lakini toa uzio kwanza, tukuamini."

Sindano akaing'oa miiba kwa meno, mpaka mtoto wa Swala akapita. Akasema mbele ya wote, "Kisima hiki ni wakfu. Hakiuzwi, hakitolewi, hakirithiwi."

Fisi akafunga mdomo kwa nguvu, nusura ajing'ate ulimi.

Kobe akafika, anahema. "Nimechelewa?"

Mtoto wa Swala alikuwa ameshakunywa mara tatu.

"Na Fisi alikunywa?"

Alikunywa, Saumu. Alipanga foleni kama wengine.

Sindano alikunywa mwisho. Alipoinama, maji yalikuwa yamepungua, na ukutani akaona mikwaruzo ya kucha, kuanzia juu mpaka chini. Siku zote alikuwa akiitazama sura yake tu. Akaigusa mikwaruzo ile, mmoja mmoja. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, kufagia njia ya wenye kiu.

Basi wanangu, kilichosimamishwa kwa ajili ya Mungu kina mtunzaji, hakina mwenyewe. Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Mwenye kiu achote, asiweke uzio.