Masanduku Mawili kutoka Toronto

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, ndege zimeshazoea kuruka na watu bado hawajazoea kuambiana ukweli, Mzee Shee wa Kibokoni, Mombasa, alifariki alfajiri ya Alhamisi. Binti yake wa pekee, Maimuna, alikuwa Toronto. Ombi lake lilikuwa moja, na nyumba nzima ililijua: siku baba akiondoka, auone uso wake kabla hajafukiwa.

Kaka yake Athmani akampigia simu, akaogopa kusema. "Baba anaumwa kidogo. Njoo umwangalie." Kidogo! Maiti amelala kitandani, yeye anasema kidogo!

Maimuna akatafuta ndege. Moja ilikuwa ya haraka, ila sanduku ni moja tu. Nyingine ilikuwa ya kuzunguka na kungoja sana njiani, lakini masanduku mawili. Akawaza: baba anaumwa kidogo, basi nimchukulie blanketi zito, na shangazi zangu nao wapate vijizawadi. Akapanda ya kuzunguka.

Huku Mombasa, binamu yao Twahir akachungulia simu yake, akawatangazia waliokaa matangani: "Toronto hadi hapa ni kilomita elfu kumi na mbili na ushei. Saa kumi na nne angani. Kesho alfajiri yupo." Wala hakuuliza kama kuna ndege ya kuja moja kwa moja. Haipo!

Ami yao, Sheikh Mselem, ndugu wa marehemu, akakunja uso. "Maiti hasubirishwi. Lakini kwa ajili ya mtoto, nangoja. Kesho jua likipanda, twazika."

Alfajiri ikaja, Maimuna hakuja. Wakampigia, hapatikani, yuko mawinguni. Jua likapanda, wakazika.

Alasiri Maimuna akashuka kwenye teksi na masanduku yake. Akaona mikeka imetandikwa nje na wanaume wamekaa matanga. Akajua. Machozi hayakumtoka, ilimtoka sauti: "Uso wa baba uko wapi?"

"Dada yangu," akasema Athmani, "ningekwambia kweli ungeanguka huko ugenini, peke yako. Nilikuhurumia. Muulize Twahir aliyetupa saa za uongo."

"Uongo gani?" Twahir akaruka. "Nilisoma kilichoandikwa. Tena mimi sikuzika mtu. Aliyezika ni Ami."

"Mimi nimemlaza ndugu yangu usiku kucha bila kumzika," akasema Sheikh Mselem, "jambo ambalo sijamfanyia mtu yeyote. Nawe, mwanangu, naona vibandiko vya viwanja vyote kwenye masanduku yako: nani alikutuma uchague ndege ya masanduku?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda Maimuna. Neno lile lilimchoma, maana ndege ya haraka aliiacha mwenyewe. Akalipiga teke sanduku, likaanguka uani. "Nidanganywe mimi, nilaumiwe mimi! Wallahi siuvuki mlango huu mpaka aliyeninyima uso wa baba aniombe radhi. Na asiyehusika akae. Sitaki radhi za jumla!"

Wanaume wakatazamana. Hakuinuka mtu.

Ndani, mama yao alikuwa kwenye eda, hatoki. Alisikia sauti ya mwanawe, akawa anaita, "Maimuna, njoo nikushike, mama." Maimuna akasikia, lakini keshaapa.

Haya, nyinyi mnaojua kukata maneno, kateni upesi, mama anaita: aliyeficha, aliyehesabu, aliyezika, au mwenyewe aliyezunguka? Je, nani alistahili kuinuka?