Dirisha la Tone

Mtu anapotega panya, akilini mwake humwona panya mmoja tu, yule aliyemlia unga. Mtego wenyewe haumjui huyo panya. Hufyatuka kwa yeyote atakayeugusa, awe kifaranga, kiwe kidole cha mwenye nyumba. Hayo ndiyo yaliyomfika mchoraji mmoja wa ramani za majengo, ambaye wenzake ofisini walimwita Bi Mapindo.

Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Programu waliyochorea kwenye kompyuta ilikuwa na madirisha ya mraba yaliyo tayari: unachagua, unabandika ukutani, umemaliza. Bi Mapindo hakuyataka hayo. Alikaa akipinda mstari kidogo kidogo, nukta kwa nukta, mpaka dirisha likawa jani, au jicho, au mwezi mchanga. Safari hii alikuwa amechora madirisha ya umbo la tone la maji kwa ajili ya kliniki ya watoto, yakishuka ukutani sambamba na ngazi. Mkubwa wa ofisi aliyapenda mno, na Bi Mapindo alipoona uso wake umekunjuka akamwombea kaka yake kazi ya vioo.

Kaka huyo alikuwa fundi vioo. Alikuwa amemwacha tajiri wake na kufungua karakana yake mwenyewe, na tajiri akamcheka waziwazi: "Nenda tu, utarudi hapa kabla mvua hazijaisha." Tangu hapo alikuwa akiweka vioo vya picha na vya makabati. Kliniki ndiyo ingekuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Ikienda vizuri, karakana ingesimama. Ikiharibika, angerudi kwa tajiri ameufyata mkia.

"Mdogo wangu," alimwambia dada yake, "nitakata vile vile ulivyochora. Siongezi, sipunguzi."

Mambo yangekuwa shwari kama Bi Mapindo asingepita mtaa wa pili siku moja na kuliona jicho lake. Dirisha la jicho alilolibuni mwaka uliopita lilikuwa limekaa kwenye ghorofa lililochorwa na ofisi nyingine, likimtazama bila haya. Moyo ulimpasuka. Kuna mtu anauza kazi yangu, alijisemea, na mtu huyo yumo humu humu ofisini.

Hakuhangaika kumtafuta. Meza ya jirani aliketi mchoraji mwenzake waliyemwita Kimya, mtu wa salamu mbili kwa siku, moja ya kuja na moja ya kuondoka. Tangu siku hiyo kila alichofanya Kimya kilinuka. Akiinua macho, anachungulia. Akiyainamisha, anaficha jambo. Mara mbili Bi Mapindo alitoka kunywa chai akakuta faili lake la matone limefunguliwa kwenye kompyuta ya Kimya, naye Kimya akalifunga haraka haraka. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na usingizi ukampaa.

Ndipo akatega. Alilinakili dirisha la tone, akaibana shingo yake na kuilaza ncha upande wa kushoto, kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine asingeona. Nakala hiyo akaiweka peupe, mbali na ukuta wa ngazi, akaiandika "Tone jipya". Mwizi ataliiba hili, alijisemea, na siku nitakayoliona kwenye jengo la watu, nitalijua kwa shingo yake. Akafunga kompyuta akitabasamu. Kesho yake mkubwa akautuma mchoro wa ngazi kwa fundi vioo.

Wiki chache baadaye simu ililia.

"Mdogo wangu," sauti ya kaka ilikuwa chini, "vioo vinakataa kuingia. Fremu zilizokwisha kuwekwa kwa mchoro wa mwanzo zina tumbo, vioo vyangu vina kiuno."

"Ulipima vizuri, kaka?"

"Nilifuata mchoro mlionitumia. Na hivi ni vioo vya kuchomwa. Vikishatoka tanuruni havikatwi tena, ukijaribu vinasagika."

Damu ilimchemka Bi Mapindo. Alimkuta mkubwa amesimama karibu na meza ya Kimya, naye akanyoosha kidole.

"Mwizi huyu hapa! Hakutosheka kuuza jicho langu, sasa ameyavuruga matone yangu ili amwangamize kaka yangu!"

Kimya aliinuka kitini. "Dada, mimi nafungua kazi yako nijifunze kupinda. Madirisha yangu yote ni masanduku. Niliona haya kukuuliza."

"Na lile jicho lilitokaje humu?"

Mkubwa alikohoa. "Jicho nililitoa mimi. Mchoraji wa ghorofa lile nilisoma naye, akaniomba. Nilisahau tu kukwambia."

Alisahau! Bi Mapindo alimtazama kwa hasira, lakini hata Kimya hakumwacha hivi hivi. Bi Mapindo aliketi kwenye kompyuta yake, wao wawili nyuma yake, atoe ushahidi. Akafungua mchoro wa ngazi upande mmoja wa kioo cha kompyuta, na tone lake la mtego upande wa pili. Ili waone tofauti, akainyoosha ncha ya lile la mtego. Papo hapo matone yote ya ngazi yakanyooka. Akailaza, nayo yakalala. Alipolinakili dirisha, programu ilikuwa imeyafunga yote kama mapacha, ukimbana mmoja wote wanabanika. Jambo hilo alilijua tangu alipoanza kazi. Siku ile alikuwa akimfikiria Kimya tu.

Alimkuta kaka yake karakanani, akivifuta vioo vumbi kimoja kimoja kana kwamba bado vina pa kwenda. Bi Mapindo alimweleza yote, machozi yakimtoka. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unamtega mwenzako."

"Ndiyo, kaka."

"Umempata?"

Kaka yake alikunja kitambaa, akakipanga kikatio chake cha vioo sandukuni pamoja na zana nyingine, maana tajiri wake wa zamani hakupenda watu wachelewao kazini. Akamwondoa kwa upole dada yake aliyekuwa akimlilia begani, akafunga mlango wa karakana. Panya hakuwapo, na bado mtego ulikuwa umefyatuka: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.