Keshi Ndogo na Kona ya Barabarani

Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, maana nikishaanza sirudi nyuma. Wewe mwenye kofia, naona umeshabinua mdomo. Haya, binua. Nakwambia kuna mtu aliuza friji lake la nyama kwa sababu hakujua maana ya neno moja, na kwa kutojua kwake akaokoa harusi. Huamini? Hata walimu hawakuamini kwamba ningeacha shule darasa la sita, na niliacha.

Hapo zamani, zamani ya kabla ya mvua hizi, hapa hapa Masasi, palikuwa na Bi Sikudhani mpiga picha. Alikuwa na fremu moja ya duka, ndani ya fremu kompyuta moja, na ndani ya kompyuta uvivu wa ajabu. Ikaja harusi ya binti wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akataka bango la maharusi, kubwa kama ukuta, litundikwe mlangoni kwake Ijumaa. Likikosekana, alisema, fremu anampa mpangaji mwingine.

Bi Sikudhani akaiweka picha kwenye kompyuta aing'arishe. Ikazunguka, ikazunguka, ikagoma. Akaizima, akaiwasha. Ikazunguka, ikazunguka, ikagoma. Akatoka nje akatangaza mbele ya kila aliyekuwa kibarazani: atakayemwokoa atapewa nusu ya fremu, ile kona ya barabarani.

Wa kwanza kuja ni Athanasi Likapa. Huyu amesomea kompyuta chuoni, cheti chake amekitia plastiki, na nadhani analala nacho. Akainama, akaisikiliza mashine kama daktari anayesikiliza kifua.

"Keshi ndogo, mama," akasema. "Hii inataka keshi."

Akajipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akaenda kunywa chai.

Msomi ndiye huyo. Sasa niwaeleze mimi, maana yeye hakueleza. Kichwa cha kompyuta, wanakiita prosesa, kina mikono myepesi kuliko muuza chipsi. Vitu vyake vingi viko kwenye memori kubwa, mbali kidogo. Vile kinavyovigusa kila mara huwekwa karibu, kwenye kijimemori kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, na hicho ndicho kinaitwa keshi. Muuza chipsi ana chumvi na tomato mezani, karibu na mkono, magunia ya viazi yako stoo. Mnyime meza. Kila chumvi aifuate stoo, uone kama utakula leo. Basi kwa nini wasitengeneze keshi kubwa kama uwanja wa mpira? Bei, rafiki yangu. Ndani ya prosesa kila kijisehemu ni ghali, kama barabarani: hatua mbili za kona zina kodi kubwa kuliko ghala zima la uani. Na meza ukiirefusha mno inageuka stoo, chumvi yenyewe unaifuata kwa miguu.

Wa pili ni Sefu Chitanda, muuza nyama wa fremu ya jirani. Huyu hayo yote hakuyasikia. Alisikia "keshi ndogo" akaelewa hela. Tena simlaumu sana, nani mtaani kwetu husema keshi akamaanisha kitu kingine? Sasa Sefu anampenda Bi Sikudhani tangu mwaka juzi na hajathubutu kutamka. Akaenda akauza friji, akarudi na noti zimefungwa kwenye mfuko wa nyama.

"Keshi hii hapa, dada," akasema. "Itie kwenye hiyo mashine."

Tulicheka mpaka tukakohoa. Athanasi alicheka kuliko sisi sote, halafu akazitazama zile noti tena. Keshi haipimwi kwenye karatasi kama chumvi. Ukitaka kubwa, ununue prosesa nzima iliyozaliwa nayo, na msomi wetu hakuwa hata na nauli. Hela za Sefu ndizo zilizopanda basi kwenda Dar es Salaam. Athanasi akang'ang'ania prosesa yenye keshi kubwa kuliko zote. Muuzaji akamwambia kwenye simu kwamba ile bei yake ni mara mbili, na mbio zake kwa kazi hiyo zinazidi kidogo tu, ni kumwongezea sahani mtu aliyeshiba. Akachukua ya katikati huku amenuna.

Prosesa ikafika Alhamisi, ikafungwa. Ikazunguka, ikazunguka, haikugoma. Lakini kwa mwendo ule bango lingefika maharusi wakiwa na wajukuu.

Ndipo akaingia wa tatu, Mwantumu, anayemng'arishia Bi Sikudhani picha. Mvivu kuliko kompyuta. Siku hiyo alikuwa na miadi ya kusukwa nywele. Akaona ujinga kukaa akiitazama picha inazunguka, akaikata vipande vipande kama kashata: ang'arishe kimoja, aende saluni asukwe mistari miwili, arudi kwa kingine. Kumbe kipande kidogo kinaenea chote kwenye keshi, hakuna safari ya stoo. Kila kimoja kilikwisha hajakaa vizuri kitini. Yeye alidhani mashine inamwogopa. Jioni akaviunganisha. Ijumaa bango likaning'inia, sikio moja la bwana harusi limepanda juu kuliko lenzake, lakini nani huenda harusini kutazama masikio?

Fremu ikapona. Ugomvi ukazaliwa.

Athanasi akasema, "Bila mimi mngekuwa bado mnaipuliza vumbi. Ugonjwa niliujua mimi. Kona ni yangu."

Sefu akasema yeye hajui ugonjwa wala dawa, anachojua ni kwamba nyama yake sasa inaliwa na nzi. "Msomi alisema keshi, nikaleta keshi. Kona ni yangu."

Mwantumu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akasema, "Prosesa yenu niliikuta inazunguka tu. Aliyekata ni nani? Kona ni yangu."

Athanasi akamwambia angekata hivyo kwenye ile ya zamani angeona. Mwantumu akajibu irudishwe, waone. Hairudi. Ilishauzwa Dar kufidia bei ya mpya. Kwa hiyo hakuna anayejua kilichookoa ni keshi, hela au uvivu, na hakuna atakayejua.

Watazameni. Mmoja alitamka neno akaenda kunywa chai. Mmoja neno lenyewe hakulielewa. Mmoja aliwahi saluni. Wajumlishe wote watatu, hupati mtu mmoja mzima.

Unacheka, mwenye kofia. Haya, kuna kipande nilikiruka. Kona yenyewe ya barabarani ndiyo hii. Hizi kava za simu unazozipapasa nimezipanga humu, na kigoda hiki kimo humu. Bi Sikudhani aliniacha nikae bure mpaka apatikane mwenyewe. Naye amesema mwamuzi awe mtu asiye na cheti, asiye na hela na asiyefanya kazi kwake, yaani mimi, na nimtaje mshindi leo kabla hajafunga duka. Nikimtaja, naanua bidhaa zangu nahama. Tangu asubuhi kila anayesimama hapa namsimulia, nikingoja mmoja tu aniambie hakuna aliyestahili. Hajatokea.

Haya, ninyi semeni. Athanasi, Sefu, Mwantumu: nani alistahili kunihamisha?